Maumivu yasiyoisha na sonona: kazi ya nesi wa zahanati, hatua kwa hatua

Mgonjwa huyu unamjua. Daftari lake limechakaa pembe, na kila ukurasa una diklofenaki, panadol, sindano ya vitamini na "malaria: hasi". Mgongo, magoti, kichwa, "mwili wote unawaka moto". Anarudi kila baada ya wiki mbili tatu, mara nyingi siku ya mnada kwa sababu siku hiyo usafiri upo, na pale mapokezi watumishi wanatazamana: huyu tena. Mwongozo huu ni wa nesi wa zahanati na kituo cha afya wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Chemba na kwingineko kanda ya kati, ambako daktari wa magonjwa ya akili hayupo na kesho hatakuwepo.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Sonona huanza kufikiriwa pale huzuni au kukosa hamu kunapomkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Mara nyingi hayo mawili hukaa kwa mtu mmoja, na kila moja hulisha lingine: maumivu yanakata usingizi, usingizi ukikatika mwili unauma zaidi, mtu anaacha shughuli zake, misuli inalegea, anabaki ndani na mawazo. Hata ndani ya ubongo, baadhi ya njia na kemikali zinazoshughulika na maumivu ndizo hizohizo zinazoshughulika na hisia. Ukitibu upande mmoja na kuuacha wa pili, atarudi tu na daftari lake.

Hatua ya kwanza: salamu na mahali pa kukaa

Usianze na kalamu. Kama ni mtu mzima kuliko wewe, mpe shikamoo yake kamili, mwangalie usoni, mngoje akae vizuri. Mtu mwenye mgongo mbovu huchukua muda kukaa, na jinsi anavyokaa ni taarifa tayari. Kwa Wagogo, "mbukwenyi" moja inafungua mengi hata kama Kigogo chako kinaishia hapo.

Tafuta faragha. Zahanati nyingi zina chumba kimoja chenye pazia, na nje ya pazia kuna foleni inayosikiliza. Bora mtoke mkakae chini ya mti nyuma ya jengo. Akihitaji mkalimani, asiwe mtoto wake, mume wake wala mama mkwe. Mambo mnayokwenda kuzungumza huenda yanawahusu haohao.

Hatua ya pili: maumivu kwanza, moyo baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nesi mwenye nia njema anaona vipimo vyote safi, anahitimisha, "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu." Mgonjwa anasikia kitu kimoja: naambiwa mwongo. Kuanzia hapo hatakueleza chochote cha moyoni, na akienda kituo kingine ataongeza ukali wa maelezo ili safari hii aaminiwe.

Maumivu anayoyasikia ni ya kweli hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu. Mwambie hivyo kwa maneno mepesi: "Nakuamini. Najua unaumia." Kisha uliza: yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, yanachoma, yanavuta au yanawasha kama pilipili, yalianza lini, wakati yanaanza nyumbani kulikuwa na nini. Swali hilo la mwisho liulize polepole. Mara nyingi jibu lake ni msiba, mavuno yaliyokauka, mimba iliyoharibika, au mume aliyekwenda mjini asirudi.

Kipimo cha sifuri mpaka kumi kinafaa, ila kwa wazee wengi namba haina maana. Tumia vidole: ngumi iliyofungwa hakuna maumivu, vidole kumi ni maumivu makubwa kuliko yote aliyowahi kuyapata. Mimi lakini siitegemei sana namba. Nauliza kuhusu kazi: ndoo ya maji unabeba? Unapalilia mpaka mwisho wa tuta? Unaweza kusujudu, au kukaa kwenye benchi la kanisa mpaka ibada iishe? Usiku unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi?

Sikiliza majibu yanavyojengwa. Mama wa makamo atakuambia, "Kwaya niliacha, mwanangu. Kukaa muda mrefu siwezi. Na hata nikiweza, sina hamu." Sentensi ya kwanza ni mgongo, ya mwisho ni sonona, na kakupa zote mbili kwa pumzi moja. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Usiyafasiri kuwa "anahisi uchovu".

Hatua ya tatu: hakikisha hakuna kilichojificha

Hili ni la tabibu, lakini nesi ndiye anayeona kwanza. Mgonjwa wa mgongo akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi kwenye mapaja ya ndani na makalio, au miguu ikianza kukosa nguvu, hiyo ni dharura, aende hospitali leo. Homa ya jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vikiambatana na maumivu ya uti wa mgongo, fikiria kifua kikuu cha mifupa.

Huku kwetu kwa wafugaji kuna jingine linalosahaulika: brusela. Anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha ng'ombe na mbuzi kwa mikono mitupu anaweza kukaa miezi na homa ya kuja na kuondoka, viungo kuuma, mgongo kuuma, na moyo mzito unaofanana kabisa na sonona. Singida na maeneo mengine yenye maji ya floridi nyingi, watu huweza kukakamaa mgongo na viungo baada ya miaka mingi ya kunywa maji hayo. Miguu inayowaka usiku, ulizia kisukari na VVU. Kijana mwenye vipindi vya maumivu makali ya mifupa tangu utotoni, pima selimundu (sikoseli). Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga na anayetokwa damu isiyo ya hedhi, apimwe saratani ya shingo ya kizazi. Upungufu wa damu na tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri huchosha mwili na moyo pia.

Uchunguzi ufanyike mara moja na ufanyike vizuri. Kumrudisha maabara kila anapokuja kwa vipimo vilevile kunamfundisha kwamba kuna kitu kibaya ambacho hamjakiona.

Hatua ya nne: ingia moyoni

Neno sonona liko kwenye vitabu na redioni, kijijini utalisikia kwa nadra. Utasikia: mawazo mengi, moyo umechoka, kichwa kimejaa, nguvu zimeisha, sina raha. Mwanaume mara nyingi hasemi kabisa. Yeye anakuwa mkali nyumbani, au anaanza kunywa asubuhi "ili mgongo ulegee".

Unganisha swali na maumivu ili asijisikie umehamia kwenye ugonjwa mwingine: "Mtu akiumwa muda mrefu hivi, moyo nao huchoka. Wiki hizi mbili, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Na yale uliyokuwa unayapenda, bado yana ladha?" Akijibu ndiyo kwa mojawapo, endelea na PHQ-9, dodoso la kupimia sonona, ikiwa mnalo. Lina maswali tisa, kila moja sifuri mpaka tatu, jumla ya juu 27, na alama 10 na kuendelea zinahitaji tathmini ya kina ya tabibu.

Kuna mtego hapo. Maswali ya usingizi, uchovu na hamu ya kula yanaweza kupata alama kubwa kwa sababu ya maumivu peke yake. Kwa mgonjwa wa aina hii nayapa uzito zaidi maswali ya kukosa hamu, huzuni, kujiona hana thamani na kujiona mzigo kwa familia. Anayesema "wanangu wanahangaika kwa ajili yangu, bora nisingekuwepo" ameshakufikisha kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tano: uliza kuhusu kujiua, kwa lugha nyoofu

Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kunamtua mzigo. Sema: "Kuna watu wakiumwa hivi hufika mahali wakaona afadhali kufa. Wewe je, wazo hilo limekujia?" Akikubali, endelea kwa utulivu: umefikiria utafanyaje? Hicho kitu kipo nyumbani? Umewahi kujaribu? Nini kimekuzuia mpaka leo? Jibu la swali la mwisho likumbuke, maana utalihitaji.

Ujue kwa nini atasita. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu vijijini wanalijua hilo. Wengine wanaogopa polisi kuliko sumu yenyewe. Mweleze kwamba umeuliza ili umtibu. Usimwahidi siri ya moja kwa moja. Mwambie kwamba maisha yakiwa hatarini utamhusisha mtu mmoja, na mchague pamoja atakuwa nani.

Akiwa na mpango na njia ya kuutekeleza, usimwache peke yake hata kwenda chooni. Mwite tabibu, tafuta ndugu, panga usafiri wa kwenda hospitali ya wilaya, hospitali ya General Dodoma mjini, au Mirembe. Ndugu waende nyumbani waondoe dawa za kupulizia zabibu au mahindi, sumu ya panya, kamba, na vidonge vyote vilivyokusanywa kwenye mfuko. Familia ikishituka kusikia Mirembe, kwa kuwa mtaani jina hilo limegeuzwa tusi, waambie ni hospitali ya taifa ya afya ya akili yenye huduma kwa wagonjwa wa nje pia, watu wanaotibiwa na kurudi kwao.

Wazo likiwepo bila mpango, mwone tena ndani ya siku chache, ajue nani wa kumwendea usiku wa manane, na dawa zitunzwe na ndugu.

Hatua ya sita: mpe maelezo anayoweza kuyabeba nyumbani

Bila maelezo, atatafuta yake: nimerogwa, nina saratani wananificha. Mimi huwa nasema hivi: "Maumivu ni kama mbwa wa nyumbani. Mwizi akija anabweka, hiyo ni kazi yake. Kwako mwizi ameshaondoka, mbwa anaendelea kubweka, na sasa anabwekea hata kuku. Kukosa usingizi na mawazo vinamfanya awe mkali zaidi. Tutamtuliza kidogokidogo, kwa dawa na kwa mazoezi." Kisha mwache akueleze yeye alivyoelewa. Usidai maumivu yatakwisha. Sema lengo ni apate tena kazi zake na raha yake, na maumivu yapungue sauti.

Akisema amerogwa, usibishane wala usikubali. Uliza anadhani kwa nini na nani, kwa kuwa nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna ugomvi wa shamba au wa ukoo unaomla moyo. Akienda kwa mganga, mwombe mambo mawili tu: asiache dawa za hospitali, na akuambie anakunywa nini.

Hatua ya saba: mpango mdogo wa wiki

Hapa ndipo uuguzi wenyewe ulipo, kwa hiyo upe muda.

Chunguza mwenendo wa siku zake. Wengi wana tabia ya namna moja: siku maumivu yakipungua, anafidia kila kitu, anapalilia kutwa, anafua, anachota maji, halafu siku tatu zinazofuata hanyanyuki. Siku hizo tatu ndizo anazojiita mvivu na mzigo. Mfundishe kupima kazi kwa muda na si kwa maumivu. Kama mgongo huanza kulia baada ya nusu saa ya jembe, afanye dakika 20 kisha apumzike 10, hata kama anajisikia vizuri, na siku mbaya afanye kidogo kuliko kulala kabisa. Mpango ukishakaa, ongezeni kidogo kila wiki.

Maji ni mfano mzuri. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kichwani. Madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, safari nyingi fupi au kwa baiskeli ya kijana wa jirani, ni nafuu kwa uti wa mgongo. Msimu wa kupanda, mvua zikianza Desemba, usimwambie apumzike. Hatapumzika, na atakuona huijui dunia yake. Jadilianeni kazi ipi aifanye akiwa amekaa: kuchagua mbegu, kupukuchua, kupika.

Pamoja na kazi, weka kitu kimoja cha raha au cha watu. Kimoja tu, kidogo, chenye siku na saa. "Jitahidi kuchangamka" haina msaada wowote. "Alhamisi jioni utakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, utaimba umesimama, utakaa ukichoka, utaondoka baada ya nyimbo mbili" inaweza kufanyika. Kwa mwingine ni kikoba, kwa mwingine msikitini, kwa mzee ni kucheza bao chini ya mbuyu. Hamu isisubiriwe, kwa mtu mwenye sonona, hamu huja nyuma ya tendo. Mweleze hilo wazi asije akajiona mnafiki.

Kisha pumzi. Mfanye naye hapohapo, usimpe kwa maneno. Mkono juu ya tumbo, avute hewa kwa pua kwa hesabu ya nne, tumbo liinuke, aitoe taratibu kwa hesabu ya sita. Dakika tano asubuhi, tano kabla ya kulala. Anayesali anaweza kutumia maneno ya sala yake badala ya hesabu, na kwa uzoefu wangu hao ndio wanaodumu nalo. Kizunguzungu kikija, apunguze nguvu ya kuvuta.

Usingizi: aamke saa ileile, asilale mchana zaidi ya nusu saa, chai ya rangi na kahawa viishie alasiri. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge mgongoni inasaidia, isipokuwa kwa mwenye ganzi, ataungua bila kujua.

Hatua ya nane: dawa, kwa upande wa nesi

Tabibu akimwandikia amitriptilini, wewe ndiye utakayeamua kama itamezwa. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu huanza kwa dozi ndogo, miligramu 10 mpaka 25 usiku; kwa sonona dozi huwa kubwa zaidi na hupandishwa taratibu. Mwambie kabla hajameza: mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, utasinzia, ukiinuka kitandani kaa kwanza ukingoni. Nafuu ya moyo huchukua wiki kadhaa, wakati madhara hayo huja siku ya kwanza. Asipoambiwa, ataacha siku ya tatu na kusema dawa imemkataa. Ikizidi dozi inaua, kwa sababu inavuruga moyo. Mwenye mawazo ya kujiua apewe ya siku chache, ishikwe na ndugu.

Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku huumiza tumbo, figo, na kupandisha presha. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu nne kwa siku, yaani vidonge nane vya miligramu 500, na wanywaji wa pombe pungufu ya hapo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ikichanganywa na amitriptilini au fluoksetini (dawa nyingine ya sonona) inaweza kuleta degedege. Ukiona mchanganyiko huo kwenye daftari, rudi kwa tabibu. Mwombe pia aje na mfuko wake wa dawa zote, pamoja na za duka la dawa. Utashangaa.

Hatua ya tisa: nyumba

Mwite ndugu mmoja, mgonjwa akiwa ameridhia. Familia huwa na makosa mawili yanayopingana: wa kwanza anasema anajifanya, wa pili anamnyang'anya kila kazi mpaka bibi hana hata wa kumpikia. Wote waambie jambo moja, kazi ndogo aliyopangiwa aachiwe aifanye. Watoto waache kumuuliza "unaumwa?" kila asubuhi, wamuulize amefanya nini. Ukisikia dalili za kipigo, hiyo ni habari nyingine na haijadiliwi mbele ya mume. Mhusishe afisa ustawi wa jamii.

Hatua ya kumi: kumrudisha na kumfuatilia

Mpe tarehe, hata akijisikia vizuri. Anayeambiwa "rudi ukizidiwa" anajifunza kuzidiwa. Mwanzoni kila wiki mbili, siku ya mnada kama ndiyo siku ya usafiri, dakika kumi na tano: umefanya lipi kati ya tuliyopanga, lipi limekwama, wiki hii tunaongeza nini. Asipofika, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani. Kwenye daftari andika vitendo, mfano "amekwenda kwaya mara mbili, anaamka usiku mara moja badala ya nne", maana wenzako wa zamu nyingine wakisoma "mgongo bado" wataanza upya na sindano. Rudia PHQ-9 baada ya mwezi.

Alama zisiposhuka baada ya wiki sita mpaka nane za mpango na dawa alizokunywa kweli, akiacha kula, akianza kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, au akiwa mjamzito au ametoka kujifungua na hali ni nzito, andika rufaa. Barua isomeke. Weka muda wa maumivu, vipimo vilivyokwisha fanyika na majibu yake, dawa na dozi, alama za PHQ-9 na tarehe, jibu la swali la kujiua, nani anamsindikiza, na namba ya simu ya kituo. Na mpe nakala mgonjwa, kwa sababu ile iliyo kwenye bahasha mara nyingi hubaki dirishani mapokezi.